Barua ya wazi: Simu ni halisi, ila haishiki mtandao

Kwa wakuu wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, viongozi wa wizara yenye dhamana ya mawasiliano, na wakurugenzi wa kampuni za simu.

Yah: Simu zinazonunuliwa nje na kuletwa Dar es Salaam

Waheshimiwa,

Shikamooni mlionizidi umri, na wengine habari za kazi. Mimi ni fundi simu. Kazi nilijifunzia Kariakoo, mtaa wa Aggrey, nikiwa kijana wa kutumwa chai na kubadilisha vioo. Sasa nina meza yangu Makumbusho, si mbali na stendi. Sikuja kushitaki ofisi ya mtu. Kuna maswali yanaletwa mezani kwangu kila wiki ambayo bisibisi haiyajibu, na wenye majibu ni ninyi.

Nianze na mama mmoja wa Mbagala. Alikuja na boksi jeupe kalifunga kwenye khanga, ndani iPhone 14. Mwanawe yuko Marekani, kamtumia kwa mkono wa jirani aliyekuwa anarudi likizo. "Fundi, mwanangu, nionyeshe tundu la laini, macho yangu hayaoni tena." Nikaigeuza simu ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, juu, chini. Tundu hakuna. Ila kule chini, kwenye vitobo vya maiki, kulikuwa na mikwaruzo mipya. Mama alikuwa amehangaika nayo usiku na kipini cha hereni, akidhani kitobo cha maiki ndicho cha kufungulia trei ya laini.

Simu ilikuwa nzima. iPhone zinazouzwa Marekani, kuanzia hiyo 14 iliyotoka Septemba 2022, hazina trei. Zinatumia eSIM, laini isiyoshikika kwa mkono, inayoingia kwenye simu kwa kuelekeza kamera kwenye mchoro wa QR na kuipakua kwa intaneti. Nikamgawia intaneti kutoka kwenye simu yangu, nikaingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu. Huko chini kuna mstari mmoja unaotaja kama simu imefungwa kwa kampuni fulani, yaani haikubali laini ya kampuni nyingine, au iko huru. Ya mama ilikuwa imefungwa. Mwanawe anailipia kidogo kidogo kila mwezi, na kampuni iliyompa haiiachii mpaka deni liishe. Nilipomweleza, mama alinyamaza, akaichukua simu, akaipangusa kioo kwa ncha ya khanga. "Kwa hiyo nimeletewa deni."

Sasa, waheshimiwa, hebu mjaribu kumsaidia mama yule kabla hajafika kwangu. Angebonyeza nyota reli sifuri sita reli, zikatoka zile namba 15 za IMEI, kitambulisho cha kila simu, akazituma kuuliza. Angejibiwa kwamba ni iPhone 14 ya Apple. Jibu sahihi kabisa. Na angebaki palepale na hereni yake mkononi.

Hoja yangu iko hapo. Mwaka 2016 mlitufundisha kuuliza kama simu ni halisi au feki. Wakati ule ndilo lilikuwa swali lenyewe. Mtakumbuka usiku wa kuamkia Juni 17, 2016, simu feki zilivyozimwa nchi nzima. Asubuhi yake nilikuta watu wananisubiri kabla sijatandika kitambaa cha meza, kila mmoja kashika simu yake kama mtu aliyeshika kuku aliyekufa usiku. Kabla ya hapo mlitangaza kwa miezi, mkatupa namba 15090 ya kutuma IMEI, na ilifanya kilichokusudiwa. Leo hata kondakta wa daladala anaijua nyota reli sifuri sita reli. Lakini simu zinazolia mezani kwangu siku hizi ni halisi karibu zote. Zimetengenezwa na wenyewe, kwa ajili ya watu wengine. Mnunuzi anataka kujua neno moja zaidi: itafanya kazi hapa?

Na mimi si malaika, niseme kabla hajasema mwingine. Mwaka 2021 nilimuuzia mwalimu mmoja wa Gongo la Mboto simu iliyofungwa kwa mtandao wa nje. Nilitumia kile kikadi chembamba kama ukucha kinachowekwa chini ya laini. Kazi yake ni kuidanganya simu kwamba laini iliyomo ni ya ile kampuni iliyoifunga. Kinafanya kazi vizuri tu, mpaka siku simu itakaposasishwa. Mwalimu alikubali kusasisha Jumapili usiku, akiwa amelala kitandani, na Jumatatu alfajiri alikuwa amesimama mbele ya meza yangu na daftari za wanafunzi kwapani. Simu inawaka, kamera inapiga, laini haisomi. Nilimrudishia nusu ya hela, kwa sababu nusu nyingine nilikuwa nimeshanunulia bidhaa. Hakutukana. Ningependelea atukane.

Tangu hapo nikajiwekea utaratibu wangu, na nawaandikia kwa sababu utaratibu huu haupaswi kukaa kichwani mwa fundi peke yake. Mteja akiniambia simu imetoka Uingereza na ni ya karibuni, natulia: kule kampuni za simu zimekatazwa kuuza simu zilizofungwa tangu Desemba 2021. Canada walikataza tangu Desemba 1, 2017. Japani, Oktoba 2021, ingawa ya Japani nitamwonya kwamba kamera huenda ikalia kila anapopiga picha, hata akiiweka kimya, hata msibani. Akisema Marekani, hapo naweka bisibisi chini na kuanza kuuliza: ya mkopo au ya taslimu? Mwenye akaunti nani? Deni limebaki kiasi gani? Ikiwa ni Samsung ya Ulaya nachungulia stika ya boksi, maana tangu Galaxy Note 3 ya mwaka 2013 nyingi zilikuwa zinadai kwanza laini ya ukanda wao, upige jumla ya dakika tano, ndipo zikubali laini ya kwetu. Mtu aliyeinunua ikiwa mpya kabisa, haijafunguliwa, akijisifu kwamba yake haijaguswa, ndiye anayekwama. Ya mtumba inapita.

Kwa iPhone natazama namba ya modeli kwenye mipangilio. Kabla ya mkwaju (/) ikiwa na LL imeuzwa Marekani, J ni Japani, B Uingereza, CH China. Herufi ya mwanzo nayo ina habari zake: M ni mpya, F imerudi kiwandani ikakarabatiwa, N alipewa mtu badala ya iliyoharibika. Kariakoo wauzaji wote wanazijua herufi hizi, wanazisoma haraka kuliko mimi. Mnunuzi ndiye hazijui. Za China bara kwa miaka mingi zilikuja na nafasi ya laini mbili za kushikika, bila eSIM; za Marekani ni kinyume chake. Na tangu iPhone 17 ya Septemba 2025, hata zinazouzwa Falme za Kiarabu hazina trei. Sasa simu za Dubai ndizo zinazojaa kwenye makabati ya Kariakoo. Mama wa Mbagala wanakuja wengi.

Mtaniambia mambo ya loki ni mkataba wa mtu na kampuni yake huko nje, hamna mkono. Sawa. Nije kwenye jambo ambalo mkono mnao, tena nyote wawili, mamlaka na kampuni: masafa.

Kuna kijana wa bodaboda anakaa Chanika. Alinunua Kariakoo simu ya mtumba ya toleo la Marekani. Kioo kisafi, betri nzima, loki hakuna. Mjini inapaa. Akirudi kwao jioni, ile 4G ya juu ya kioo inageuka herufi E, ramani inaganda, na abiria wa mwisho wa kumrudisha mjini anachukuliwa na mwenzake. Alishabadilisha laini mara mbili. Alishaambiwa mnara wa kwao mbovu. Alishaambiwa, na fundi mwingine, kwamba simu inataka kuflashiwa, yaani kuwekewa programu upya, na akaflashiwa, na akalipa.

Siku moja nilifunga meza mapema, nikapanda pikipiki yake mpaka Chanika. Tuliziweka simu mbili sambamba juu ya ukuta wa tofali ambao haujapigwa plasta, yake na Tecno yangu ya bei ya chini, laini za mtandao mmoja. Tecno: 4G, vijiti vitatu. Yake: E. Tukabadilishana laini, tukazizima, tukaziwasha. Tecno 4G. Yake E. Mdogo wake aliyekuwa anatuangalia akasema, "Kaka, hiyo simu haipapendi huku." Na kwa kweli hakukosea sana.

Mawimbi ya simu yamegawanywa kwa bendi, kila moja na namba yake. Hapa nchini 4G inapita kwenye megahezi 1800, ambayo ni bendi namba 3, na kwenye 800, bendi namba 20. Kisha ikaja 700, mliyoipiga mnada mwaka 2018. Mawimbi ya juu yanabeba mzigo mkubwa lakini yanachoka mapema. Ya chini yanakwenda mbali na yanapenya ukuta. Ni kama kigodoro cha mtaa wa pili: chumbani kwako inafika besi tu, maneno ya mwimbaji yameishia hukohuko. Mjini minara imebanana, 1800 inatosha. Huko Chanika, simu isiyojua 800 inajikuta haina pa kushika isipokuwa 2G ya zamani, na ndiyo hiyo E.

Nilifungua karatasi ya sifa za simu yake. Bendi namba 3 ipo, namba 20 haipo. Halafu muuzaji alimwambia ina 700. Ina, ndiyo, lakini 700 ya Wamarekani imepangwa kivingine, ni bendi za 12, 13 na 17. Ya kwetu ni bendi 28. Jina moja, mlango mwingine. Muuzaji alisema ina 4G, na kweli ina 4G. Hapo utamshitaki kwa kosa lipi?

Hapa ndipo ninapoomba, na naomba kitu ambacho nadhani tayari kimo mikononi mwenu. Tarakimu nane za mwanzo za IMEI zinataja mtengenezaji na toleo la simu. Toleo la Marekani na toleo la kuuzwa kwetu, hata kama kwa macho ni mapacha, mara nyingi zina tarakimu tofauti, na chama cha kimataifa cha kampuni za simu, GSMA, kinatunza kumbukumbu zinazoonyesha kila toleo lina bendi zipi. Basi mwananchi akituma namba 15, pamoja na jina la simu arudishiwe mstari mmoja wa Kiswahili: simu hii inashika 4G ya 800, ya 1800, ya 700, au haishiki. Inatumia laini ya kawaida, eSIM, au zote. GSMA haohao wana rejista ya simu zilizoripotiwa kuibwa. Nalo liongezwe, maana kuna simu zinafika hapa zikiwa zimelia machozi ya mtu mwingine. Mnunuzi asome hayo akiwa amesimama dukani, hela bado iko mfukoni.

Kwenu wakurugenzi wa kampuni, lenu ni dogo zaidi. Wekeni wazi, mahali mtu atakapoona bila kuomba, mkoa huu mnatumia bendi zipi. Mnatangaza 5G kwenye mabango ya Morocco na Mwenge kwa herufi za kimo cha nyumba, lakini ukimuuliza kijana wa huduma kwa wateja bendi ya mnara wa Chanika anakuambia uzime simu na kuiwasha. Simlaumu, hajapewa. Wekeni pia orodha ya simu ambazo mnaziruhusu kupiga simu za sauti juu ya 4G. Kuna Google Pixel, ambazo Google haijawahi kuziuza rasmi kwetu, zenye uwezo huo ndani ila programu yake imeufunga kwa nchi kama yetu. Mtu akipokea simu, intaneti inashuka au inakatika, anakuja kwangu kubadilisha antena ambayo haina ubaya wowote. Leo bado ina pa kushukia kwa sababu 2G na 3G zipo. Siku mtakayoamua kuzizima, tafadhali mtuambie mapema kama mlivyotuambia 2016.

Naijua hasara yake kwa mpwa wangu. Alikwenda kusoma Marekani mwaka 2023 na Tecno mpya niliyomchagulia mwenyewe, tena kwa mbwembwe. Mitandao mikubwa mitatu ya kule ilikuwa imeshazima 3G mwaka 2022, mmoja baada ya mwingine, na simu za sauti karibu zote zinapita kwenye 4G au 5G, kwa simu ambazo mtandao unazitambua. Ile ya mpwa wangu ikabaki ya WhatsApp kwenye Wi-Fi ya bweni. Alinunua nyingine kwa hela ya vitabu. Hiyo ya pili ndiyo atakayorudi nayo likizo, na mnajua itaishia kwenye meza ya nani.

Hata wanaokwenda Istanbul kufuata nguo wangenufaika na maneno mawili matatu ya tahadhari: Uturuki, simu ya kigeni ikitumika na laini ya kule zaidi ya siku 120 bila kusajiliwa na kulipiwa ada, inakatwa. Wengi wa kwetu hawakai muda huo. Mmoja alikaa.

Kuhusu maduka, sitaki mgambo. Wenzangu wa Aggrey wana watoto na kodi za fremu. Ninachotaka ni risiti ya simu iandike namba kamili ya modeli na nchi ambayo simu iliuzwa mara ya kwanza, kama ilivyo kwa gari la mtumba: hakuna anayekuuzia Toyota bila kukuambia imetoka Japani au Singapore. Na mteja aruhusiwe kuirudisha ndani ya siku chache ikionekana haishiki mtandao kule anakoishi, kwa sababu hakuna namna ya kuijua Chanika ukiwa umesimama Msimbazi.

Nina hofu moja, na nitaisema hata kama si mahali pake. Kenya walitangaza kwamba kuanzia Januari 1, 2025, IMEI ya simu inayoingia nchini itajwe kwenye nyaraka za forodha, na walisema wazi kwamba shabaha ilikuwa kodi. Nasikia wateja wakisema na sisi tutafuata. Sina ugomvi na kodi. Hata hii meza inalipiwa. Lakini kama mtakuja kuiomba ile namba 15 kwa mama wa Mbagala pale uwanja wa ndege, mumpe na yeye kitu mkononi kwa namba hiyohiyo. Muiangalie simu yake, mumwambie: mama, hii imefungwa, na haina tundu, usiichokonoe.

Yeye alirudi baada ya miezi miwili. Mwanawe alimaliza deni, loki ikafunguliwa. Nikamsindikiza duka la mtandao wake akapigwa alama ya kidole, akapewa QR kwenye kipande cha karatasi, nikampa tena intaneti yangu, laini ikaingia. Tukampigia mwanawe hapohapo tukiwa tumesimama juani. Akapokea, akafurahi, kisha tukamsikia anauliza: "Mama, mbona sauti yako iko mbali hivyo, umeingia kwenye pipa?"

Ni ile maiki. Nimeshaiagiza.

Wenu katika kazi,

Fundi simu, Makumbusho
Dar es Salaam